Meja Atazunguka Yadi

4 Machi

Chini ya jua hili hakuna anayewajua mbwa kunishinda mimi. Sisemi mtaani kwetu, nasema chini ya jua. Mbwa mkali akiniona huomba radhi. Jike aliyezaa jana hunikabidhi watoto wake akaenda zake kunywa maji. Shule niliiacha kidato cha pili kwa sababu walimu walishaishiwa cha kunifundisha, ingawa wao walilieleza jambo hilo kwa maneno mengine.

Daftari hili nimepewa na daktari wa mifugo nilipokwenda kuomba miadi. Amesema, “Andika kila siku mbwa ameamkaje.” Nami siwezi kuandika habari za mbwa nikamwacha anayemhudumia. Daktari akitaka kusoma nitamsomea mwenyewe, nikiruka panapofaa.

Basi habari ni hii. Mbwa anaitwa Meja. Ni wa Mjomba, na Mjomba ni mlinzi wa yadi ya mbao. Mimi hapo hapo yadini ni mpakizi, na wote watatu tunaishi kwenye vyumba viwili vya getini. Mjomba ndiye aliyenilea. Kila jioni, miaka yote ninayoikumbuka, Mjomba na Meja huizunguka yadi pamoja: mlundo wa mbao za dari, banda la mashine, ukuta wa nyuma, kisha getini. Mjomba anaongea, Meja anasikiliza. Mjomba hana mwingine wa kuongea naye, maana mimi huongea mwenyewe.

Wiki hii Meja ameshindwa kuinuka. Miguu ya mbele inataka, ya nyuma imegoma. Tajiri mwenye yadi akaja, akamtazama mikono mfukoni.

“Mzee, mbwa asiyeinuka ni zulia,” akasema. “Mvua zikiisha kama hawezi kuzunguka yadi, mwite daktari amlaze moja kwa moja. Nitakuletea kijana mwingine mwenye meno.”

Mjomba aliizima redio. Redio ya Mjomba haizimwi hata ikikoroma.

Nikasema moyoni: Meja atazunguka hii yadi, piga ua.

5 Machi

Tumempeleka Meja kwa Daktari kwa mkokoteni, amefunikwa turubai. Fundi wa mashine ya randa, ambaye wote tunamwita Randa kwa sababu na mdomo wake haulali, akapaza sauti, “Msomi, bibi harusi unampeleka wapi?”

“Kwa mama yako,” nikamjibu, “anatafutiwa mkwe mwenye heshima.”

Daktari ni mwanamke mfupi, mwenye mikono mikubwa kama ya muuza mkaa. Alimpiga Meja picha ya mifupa, akaitundika kwenye mwanga. Nyonga zimelika. Pale mfupa unapoingia kwenye mwenzake pamekuwa kama ukingo wa mkate ulioliwa na panya. Akasema ni baridi yabisi ya uzee. Vidonge vikali vya maumivu hawezi kumpa, kwa sababu damu yake inaonyesha figo zimechoka. Lakini alikwenda kusomea tiba ya sindano za Kichina, na dawa zao za mitishamba anazo.

“Sindano za dawa gani?” Mjomba akauliza.

“Hazina dawa ndani, mzee wangu. Ni sindano tupu, nyembamba kama unywele.”

“Kwa hiyo unamchoma na humpi kitu.”

“Ndiyo.”

“Hata mimi ningeweza.”

Daktari akacheka mpaka akashika meza. Akaeleza kwamba hazimpi mfupa mpya, zinapunguza maumivu ili misuli ianze kazi tena. Na wataalamu wa huko, akasema, huamini maumivu ya namna hii ni baridi na unyevu vilivyoingia kwenye viungo.

“Hilo nalikubali,” Mjomba akasema, akijipapasa goti. “Hata mimi vimeniingia.”

Masharti: sindano kila Alhamisi. Unga wa mizizi na magome asubuhi na jioni, ndani ya chakula. Asilale kwenye saruji. Apungue, maana amenenepa kama gunia la pumba. Na mtu mmoja tu amlishe, ili ajulikane anakula nini. Huyo mtu mmoja nikajiteua kabla hajamaliza sentensi. Malipo ni rafu: nitamtengenezea za chumba chake cha dawa kwa mabaki ya mbao, na Alhamisi nitamshikia mbwa wengine wanaochomwa.

6 Machi

Unga unanuka kama kiatu kilichofichiwa samaki. Meja ameusogeza na pua, akala chakula kilichobaki kuuzunguka, akaniacha na kilima.

7 Machi

Kilima tena.

8 Machi

Nimeukoroga na supu ya mifupa isiyo na mafuta. Amelamba sahani mpaka ikatembea sakafuni. Mbele yangu hakuna mbwa mjanja.

12 Machi

Alhamisi ya kwanza ya sindano. Nilimshika kichwa. Daktari akapapasa mgongoni, kwenye nyonga, kando ya goti, akichomeka moja moja kwa kidole, tap, kama anayebandika stempu. Nilitegemea kelele. Meja alitikisa ngozi mara moja, akanitazama kama aliyedaiwa kitu, kisha akalaza kidevu kwenye kiganja changu. Baada ya muda mdomo wa chini ukalegea. Akakoroma, mgongo umejaa sindano kama nungunungu aliyestaafu.

Nikamwomba Daktari na mimi anichome moja, nipate kusimulia.

“Mimi huchoma wagonjwa wenye mkia,” akasema. “Wewe una mdomo tu.”

13 Machi

Hakuna tofauti. Mvua.

14 Machi

Hakuna tofauti. Mjomba amesema, “Si nilisema.” Hakusema. Alifikiri tu, na nilimsikia.

15 Machi

Mvua. Nimemtengenezea kitanda cha vibao, juu yake nimeweka godoro la zamani nililolikata kwa msumeno. Kazi safi, pembe zote zimekaa sawa. Randa ameuliza kama napokea oda.

19 Machi

Sindano. Usiku mvua ilijaza barabara ya chini, na asubuhi mkokoteni ulizama magurudumu yote mbele ya duka la vyuma. Watu wakasimama barazani kutazama, kama kawaida ya watu. Nilimtoa Meja nikambeba mabegani kama mchungaji, maji magotini, mkia wake ukinipiga sikio. Mwanamke mmoja akaniambia, “Kijana, huyo si ameshajifia?” Nikamwambia, “Anakusikia, mama. Na ana kinyongo.”

Nilifika nimelowa mpaka mawazo. Daktari alinipa taulo la mbwa.

22 Machi

Asubuhi ameinuka mara ya pili ya kujaribu. Jana ilikuwa ya nne. Naandika tu, sisemi kitu.

25 Machi

Ameinuka mwenyewe, akavuka ua taratibu kama afisa anayekagua gwaride, akafika kwenye banda la mashine, akainua mguu wa nyuma, ule ule mgonjwa, akakojolea stuli ya Randa.

Randa ameudhika. Mimi nimenunua soda nikamnywesha Randa, mimi nikabaki na furaha.

28 Machi

Siku mbaya, nitaiandika yote.

Nilirudi kutoka kushusha mbao za mteja, nikamkuta Meja nyuma ya chumba, mgongo umepinda, anatapika. Kisha ikaja na ya upande wa pili. Sitaeleza, aliyewahi kuosha sakafu anaelewa. Jioni hakuweza kusimama. Alikuwa anatetemeka kama redio isiyoshika stesheni.

Daktari alikuja mwenyewe na begi lake. Akampa maji kwa mrija wa mguuni, akauliza amekula nini. Nikaapa kwamba amekula nilichompa mimi tu. Mjomba alikuwa mlangoni, kofia mkononi.

“Nilimpa kidogo,” akasema. “Mafuta ya nyama. Na mkate.”

“Kidogo cha leo?” Daktari akauliza.

“Cha kila siku. Ananitazama nikila. Nitakulaje?”

Daktari hakumfokea. Alimwambia kwa upole kwamba mbwa wa umri ule tumbo lake halibebi mafuta, na unga wa mizizi usimamishwe kwanza mpaka atulie. Wiki nzima, labda zaidi. Wiki nzima, na mvua zinahesabu siku.

Alipoondoka ndipo mimi nikafoka. Nilimwambia Mjomba maneno ambayo mpwa hamwambii mjomba wake. Nilimwambia, “Unampenda au unamuua?” Yeye akasema tu, “Ananitazama, mpwa wangu.”

Hapo nikatia chumvi. Nikasema Daktari ameniambia faraghani: Mjomba asimguse Meja kabisa. Asimlishe, asimwite, asimpapase, mpaka atakapopona, kwa sababu mbwa akichanganyikiwa sindano hazishiki. Hilo la kushika nilitunga pale pale na likatoka vizuri, kama mtu aliyelisoma.

Mjomba akaniuliza, “Hata kumsalimia?”

“Hata kumsalimia.”

Nikahamisha kitanda cha vibao kutoka chumbani kwake, nikakiweka kwangu. Chumba chake kinavuja, hilo si uongo.

29 Machi

Meja amekunywa maji. Amelala kutwa.

2 Aprili

Sindano. Amepungua. Anainuka kwa kusaidiwa. Tumerudi tulikotoka.

3 Aprili

Nimeapa upya. Mvua inyeshe mawe.

9 Aprili

Sindano. Leo Daktari ameziunganisha nyaya mbili na kisanduku cha betri, umeme kidogo kama wa kutekenya. Msuli wa paja la Meja ukawa unacheza wenyewe, tik tik tik, na yeye amelala. Unga wa mizizi umerudi, nusu kijiko.

Rafu ya kwanza imekamilika. Daktari aliegemeza mkono akasukuma kwa nguvu zake zote za muuza mkaa. Haikutikisika. Akasema, “Kumbe kuna kitu unakijua kweli.” Nikamwambia asiseme kwa mshangao.

11 Aprili

Jioni Mjomba amezunguka yadi peke yake. Nilimwona kupitia dirisha. Anaongea kama zamani, na anageuza kichwa upande wa kushoto, chini, mahali pa Meja. Nilicheka, nikamwita Randa aje aone. Randa hakucheka. Sijui siku hizi ana nini.

14 Aprili

Meja ameinuka bila msaada.

16 Aprili

Sindano. Daktari ametoa ratiba ya matembezi: asubuhi kidogo, jioni kidogo, kwa kamba, hakuna kuruka, hakuna kupanda mbao. Kila wiki tuongeze kidogo. Nami naogopa kupoteza siku hata moja. Mvua imenikuta uani nikitembea kwa mwendo wa bibi kizee, mbwa pembeni, gunia kichwani.

20 Aprili

Tumefika mlundo wa mbao za dari na kurudi.

21 Aprili

Tumefika tena. Mvua.

26 Aprili

Mpaka banda la mashine. Nimekuwa namwimbia. Akinisikia nafungua mlango wa stoo anaanza kupiga mkia sakafuni kabla hajaniona. Kitandani analaza kichwa kwenye kiatu changu cha kushoto. Kulia hataki, sijui kiatu cha kulia kimemkosea nini.

Huyu mbwa ana akili. Mjomba hakuwahi kuniambia. Au aliniambia nikawa naongea.

30 Aprili

Sindano. Nilimuuliza Daktari, aniambie ukweli, ni kipi kilichofanya kazi. Akanihesabia kwa vidole. Sindano. Unga. Godoro. Kilo alizopunguza. Matembezi. Joto la chumba.

“Siwezi kuvitenganisha,” akasema. “Nikikuambia ni sindano tu nitakuwa muongo.”

“Basi andika ni mimi.”

“Nitaandika ‘na mengineyo’.”

6 Mei

Mvua kubwa. Tumetembea chini ya paa la stoo, kwenda na kurudi.

9 Mei

Leo nilikuwa namkanda Meja nyonga kwa kitambaa cha moto, mlango uko wazi. Mjomba akapita, akasimama. Mikono ameiweka nyuma, ameishika mmoja kwa mwingine, kama mtoto aliyeonywa kwenye duka la vyombo vya glasi.

“Anaendeleaje?” akaniuliza mimi. Hakumwangalia Meja usoni, asije akaonekana anamsalimia.

“Anaendelea.”

“Amekuwa mwembamba. Anapendeza.”

Ningeweza kusema, Mjomba, ingia. Nilifikiria. Lakini mvua zimebakiza wiki chache na sikutaka kuharibu kitu kinachokwenda. Nikasema, “Vumilia kidogo tu.” Akasema, “Wewe ndiye unayejua,” akaenda zake, na goti lake likalia kwenye kizingiti. Sikuwahi kulisikia. Kwa kweli mtu anayetembea vile angepelekwa kwa Daktari naye, kama angekuwa na mkia.

14 Mei

Sindano. Rafu ya mwisho. Meja amepanda ngazi tatu za mlango wa Daktari kwa miguu yake. Nimevimba kichwa, kofia hainitoshi.

17 Mei

Jua, mara ya kwanza wiki hii.

20 Mei

Ukuta wa nyuma! Imebaki kona moja kufunga mzunguko. Randa amesimamisha mashine akatupigia saluti. Nikamwambia amsalimie kwanza mkubwa.

23 Mei

Mzunguko mzima. Polepole, tukipumzika mara mbili, lakini mzima. Sikumwambia mtu. Nataka Tajiri aone mwenyewe.

27 Mei

Tajiri amekuja jioni, viatu safi, mbingu safi. Kila mtu akajifanya ana kazi karibu na geti. Nilimfungua Meja, hata kamba sikuweka. Tukaondoka.

Nitalisema hili bila chumvi hata chembe: alitembea kama mwenye yadi. Mguu wa nyuma wa kulia unaburuta kidogo, lakini anauburuta kwa madaha. Mbao za dari. Banda la mashine, ambapo aliikagua ile stuli na kuipita, nami nikashukuru. Ukuta wa nyuma. Geti. Randa alipiga makofi kwa mikono yenye vumbi mpaka akakohoa. Tajiri akatoa mikono mfukoni.

“Basi,” akasema, “abaki. Mzee, haya, endelea na kazi yako. Mchukue mzunguke nione mnavyokwenda.”

Mjomba akanitazama. Nikaitikia kwa kichwa kwamba ruksa, amepona. Alichuchumaa kwa shida. Akapiga ulimi, ule mlio wake wa siku zote, tk-tk, mlio ambao zamani ungemfanya Meja avunje mlango.

Meja akaketi.

Mjomba akapiga tena. “Meja. Twende, mzee mwenzangu.” Akaanza kutembea, ili afuatwe. Alifika karibu na mbao za dari ndipo akageuka. Meja alikuwa amekwisha kuja miguuni pangu, amelaza kichwa kwenye kiatu cha kushoto.

Nilimsukuma kwa goti. Nikamwambia, “Nenda. Nenda kwake, bwana.” Akapiga mkia, kwa sababu nimemsemesha.

Tajiri si mtu mbaya. Alisema kwa wema kabisa. “Mzee, naona ameshazoea kijana. Na wewe miguu hiyo, nimekuwa nikiiona. Kijana achukue mzunguko. Wewe kaa getini upumzike.”

Mjomba akasema, “Sawa, tajiri.” Akaja akanipa tochi.

“Betri ni mpya,” akasema. “Kwenye kona ya ukuta wa nyuma kuna ubao wenye misumari, huwa nasahau kuuondoa. Mwangalizie miguu.”

28 Mei

Tumezunguka. Meja mzima.

29 Mei

Tumezunguka. Redio ya Mjomba iko juu kuliko kawaida.

31 Mei

Daktari amekuja kumwona Meja yadini, ili amtazame kwenye sakafu anayotembea kila siku. Amefurahi. Sindano sasa ziwe mara moja kwa mwezi, na unga apunguziwe. Kisha akamwita Mjomba, ambaye alikuwa amekaa getini.

“Njoo umshike hapa, mzee wangu, usikie nyonga ilivyolegea.”

Mjomba akasimama, mikono nyuma. “Si ulikataza nisimguse?”

Daktari akasema, “Mimi? Nilikataza usimlishe.”

Daktari akanitazama, kisha akaanza kupanga vitu kwenye begi ambalo lilikuwa limeshapangwa. Mjomba hakunitazama kabisa. Alisema, “Kumbe,” basi. Akauleta mkono mbele, akauteremsha pole pole. Meja akaunusa, juu na chini, katikati ya vidole, kwa adabu, kama anavyonusa mkono wa mteja aliyekuja kununua mbao. Akamaliza, akaja kwangu.

Daktari ameliomba daftari, nimpelekee Alhamisi. Nitampa lote, sitaruka ukurasa. Mbwa aliyekuwa alazwe amepona, rafu zimesimama, mvua hazikunishinda, na Randa mwenyewe anasema mtaani hakuna kama mimi. Kilichoharibika ni kimoja. Nilimkataza Mjomba, na sikumkataza kwa ajili ya mkate na mafuta peke yake. Nilitaka siku Meja akisimama, aje kwangu. Amekuja.